Mama Aliyesukwa Uani

Hapo zamani, nami sisemi za kale kwa sababu mambo haya bado hayajapoa, palikuwa na mji ukiitwa Miyaani. Wewe uliyeegemea mlango, ingia ndani au toka nje, mimi simsimulii mtu nusu. Na kila mmoja achukue ukindu hapo mbele yake aanze kusuka. Kwangu hakuna anayesikiliza hadithi mikono mitupu, na huko Miyaani ilikuwa hivyo hivyo.

Wanawake wa Miyaani walikuwa wasuka mikeka. Kila asubuhi walikusanyika katika ua mmoja mkubwa, huyu anachana ukindu, yule anautia rangi, huyu anasuka ukili, yule anaziunga kili kwa sindano mpaka ziwe mkeka. Na katikati yao aliketi mmoja akisimulia, ili kazi isichoshe.

Ua ule ulikuwa na desturi yake. Msimulizi akimleta mtu hadithini, na wasikilizaji wasimwamini, mmoja wao alisema, "Huyo simjui." Basi. Msimulizi hakuwa na haki ya kujitetea. Alimrudisha mtu wake alikomtoa, akaanza upya. Lakini mtu wa hadithini akiwaingia wasikilizaji kweli kweli, mikono ilisimama. Hakuna aliyekusudia. Ungeona tu ukili umelala mapajani, na wanawake wazima wametoa macho. Hapo mkubwa wa ua alipiga kelele, "Mikono, jamani! Mikono!" na watu wakacheka kwa aibu, wakarudi kusuka. Msimulizi aliyesimamisha mikono alikwenda kwake siku hiyo hajali amepika nini.

Mkubwa wa ua alikuwa Mafunda. Mwanamke mkavu, mrefu, hana maneno mengi, na mengi katika hayo machache yalikuwa ni "Simjui." Msimulizi wao alikuwa Mize, mdomo mwepesi, hodari, mwenye kujisikia kidogo, na kwa nini asijisikie? Na kwenye pembe, karibu na vyungu vya rangi, alikaa Siwatu. Huyu alisuka vizuri kuliko wote na kusema kidogo kuliko wote. Nyinyi washikeni hao watatu, msiwapoteze.

Mji ulikuwa na jumbe wake, Jumbe Ngwali. Na bonde lote la mikindu, ambamo wanawake wale walikata ukindu wao, lilikuwa lake. Akisema kateni, wanakata. Akisema basi, ua mzima unalala njaa.

Jumbe Ngwali hakumjua mama yake. Bi Kazija alifariki mtoto ndiyo kwanza anajifunza kusema. Aliyemlea ni shangazi yake, Bi Mwanakheri, na tangu mtoto hadi kuota ndevu alimuuliza swali moja, "Shangazi, mama yangu alikuwaje?" Na Bi Mwanakheri tangu siku ya kwanza alimjibu jibu moja, "Alikuwa mwema, mwanangu."

"Mwema vipi?"

"Mwema tu."

Hebu mfikirieni huyo. Watu wengine wana mama zao, na sauti zao, na vishindo vyao, na harufu ya mafuta yao ya nywele. Yeye alikuwa na neno moja.

Basi siku moja Jumbe akaja uani mwenyewe, kwa miguu. Wanawake wakafunika vichwa. Jumbe akasema, "Nataka kumfanyia mama yangu hitima, mji mzima uje kula. Nataka mkeka mkubwa wa kukalia watu siku hiyo. Na juu ya mkeka huo nataka hadithi ya mama yangu."

Mize akasema, "Jumbe, hakuna mmoja wetu aliyemjua."

"Ndiyo maana nimekuja kwenu. Mtungeni. Nataka nimuone, kama ninavyowaona nyinyi. Atakayenipa mama yangu nikamuona, bonde la mikindu ni lake. Lake na la wanawe na wajukuu, hataomba ruhusa kwa mtu."

Mnasikia? Bonde! Wanawake wakatazamana.

"Lakini," Jumbe akasema. Wakubwa hawakosi lakini. "Mama yangu alikuwa mwema. Hilo ndilo nililorithi kwake, sina jingine. Atakayemtia doa, hata dogo, atafunga mzigo wake na kuhama Miyaani kabla jua halijazama. Nimesema mbele ya watu, na neno langu silirudishi."

Akaenda zake.

Mize akaanza siku hiyo hiyo. Akamtunga mama mwema. Mama huyo aliamka kabla ya jogoo. Aliswali, akafagia, akamnyonyesha mtoto, akampelekea jirani uji. Alipotukanwa alitabasamu. Alipokosewa aliomba radhi yeye. Alipokuwa na kanga mbili alitoa moja, na alipobaki na moja aliipasua katikati akatoa nusu.

Na mikono ya wanawake? Ilikwenda mbio! Ukili mwingi kama wa asubuhi ile haukuwahi kusukwa katika ua ule. Hakuna aliyekuwa anasikiliza.

"Huyo simjui," Mafunda akasema.

Mize akauma mdomo. Kesho yake akamleta tena, safari hii na mwili. Akampa mwanya wa meno, akampa alama ya kuungua mkononi, akampa mguu unaochechemea, akampa na kucheka kwa kwikwi. Mikono ikapunguza mwendo kidogo, halafu ikaendelea.

"Huyo simjui," Mafunda akasema. "Ni yule yule wa jana. Umemvalisha tu."

Mize akakasirika. Kesho yake akaja amevimba, akamtunga mama mwizi, mchawi, mgomvi wa visimani, anayempiga mtoto kwa mwiko asubuhi na jioni. "Haya," akasema, "huyo hapo! Ana dosari za kutosha?"

"Simjui pia," Mafunda akasema. "Juzi ulimpaka chokaa, leo umempaka masizi. Mtu mwenyewe yuko wapi?"

Mize akatupa ukindu chini. "Bi Mafunda, wewe kazi yako kusema simjui, simjui, simjui! Mtunge wewe basi!"

"Mimi sijui kutunga. Najua nikidanganywa."

Wengine walikuwa upande wa Mize, na sababu wanayo. Mmoja akasema, "Jamani, kwani shida iko wapi? Jumbe ametaka mama mwema. Tumpe huyo wa kwanza, tuendelee kukata ukindu, tulishe watoto wetu." Na mwingine akasema ni kweli. Na mwingine.

Mafunda akasema, "Tangu nimeingia ua huu hatujatoa mkeka mbovu tukasema mnunuzi hajui. Hatutaanza leo."

"Huo si mkeka!"

"Watu wataukalia au hawataukalia?"

Hapo ndipo Siwatu aliposema, kule pembeni, bila kuinua uso. "Palikuwa na mwaka wa njaa," akasema.

Watu wakageuka. Sauti ya Siwatu ilikuwa ngeni uani.

"Palikuwa na mwaka wa njaa. Mama alikuwa amebakiwa na kipande kimoja cha muhogo wa kuchoma. Alimwekea mtoto. Mtoto akalala. Mama akakitazama kile kipande, akakifunika. Akakifunua. Kisha akaenda nyuma ya mlango akakila, mkono mdomoni, mtoto asisikie anatafuna. Lakini mtoto alikuwa macho, na mlango ule ulikuwa na ufa."

Hakuna aliyetikisika.

"Mtoto akasema, mama, njaa. Mama akasema, hata mimi mwanangu, hatuna kitu. Kesho yake akaingia porini kwenye miiba, akashinda huko, akarudi ametoka damu, na mzizi mmoja mkononi. Akauchoma. Akampa mtoto mzizi wote, yeye hakuonja. Akakaa kumtazama anavyokula. Mtoto akaangusha kipande kidogo, na mama akamzaba kofi."

"Kwa nini alimzaba kofi?" Mafunda akauliza.

"Sijui," Siwatu akasema. "Mpaka leo sijui. Alimzaba kofi, kisha akamwimbia mpaka akalala."

Mafunda akatazama mikono yake. Ilikuwa imesimama. Akatazama ya Mize, imesimama. Ya ua mzima imesimama, na safari hii hakuna aliyepiga kelele, kwa sababu mwenye kupiga kelele ndiye aliyekuwa analia.

"Huyo," Mafunda akasema, "namjua."

Kisha akamuuliza, "Ni nani?"

"Ni mama yangu," Siwatu akasema. "Na dada zangu waliniapisha juu ya kaburi lake nisiseme kwa mtu."

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo wengi wanapopita mbio. Siwatu alitoa jambo. Lakini jambo si mtu bado. Mize alikwenda nyumbani na jambo lile, hakula, hakuongea na mumewe. Na Mize, pamoja na mdomo wake mwepesi, alikuwa na macho. Alikuwa amemwona Jumbe Ngwali akila kwenye karamu za mji. Jumbe alikuwa na tabia: akitafuna hufunika mdomo kwa mkono wa kushoto. Watu walisema hayo ndiyo madaha ya kijumbe, na vijana wa mji walimwiga.

Asubuhi Mize akaja uani akasema, "Tangu siku ile ya muhogo, mama huyo hakutafuna tena mdomo wazi. Hata peke yake. Hata arusini, sahani imejaa, kila mtu anakula, yeye anafunika mdomo. Na watu wakasema, tazameni Bi Kazija alivyo na adabu."

Mafunda hakusema anamjua wala hamjui. Alisema, "Astaghfirullah." Kisha akasema, "Huyu ndiye atakayekwenda hitimani."

Siwatu akasema, "Dada zangu watanijua. Hadithi ikisemwa hadharani watajua imetoka kwangu."

"Basi tusiseme," Mize akajibu. "Ninaye yule wa kwanza, mwenye kanga ya kupasua. Naweza kumsimulia usingizini. Jumbe atafurahi."

Siwatu akafikiri. Alikuwa na dada zake tu duniani, hakuwa na mume wala mtoto. Akachovya ukindu kwenye rangi, akautoa, akautazama unavyodondoka.

"Kanga ya kupasua," akasema. "Mama yangu mimi alikula muhogo wangu, na nampenda. Yule wa kanga siwezi kumpenda hata kwa kulipwa. Sema."

Siku ya hitima ikafika. Mkeka ulitandikwa, mkubwa ajabu, umebaki pindo la upande mmoja tu kushonwa. Watu wakasoma, wakaomba dua, wakaletewa pilau. Jumbe akala, mkono wa kushoto mdomoni. Pembeni yake alikaa shangazi yake, Bi Mwanakheri, mtu mzima sasa, amejitanda mpaka machoni. Kisha kila mgeni akapewa ukindu wa kusuka, kama desturi ya Miyaani ilivyo, wanaume nao, Jumbe naye. Mize akasimama.

Akasimulia. Akamleta Bi Kazija, kijana, mcheshi, mwepesi wa hasira, mwenye kuimba akikoroga uji. Watu wakasuka. Akaleta mwaka wa njaa. Wakasuka polepole. Akaleta kipande cha muhogo. Akamsimamisha Bi Kazija nyuma ya mlango.

"Nyamaza!" Jumbe Ngwali akasimama. "Mama yangu hakula peke yake! Mama yangu alikuwa mwema!"

Upande wa wanawake, dada zake Siwatu walikuwa wamekwisha simama, wanamtazama kwa namna ambayo mimi sitaki nitazamwe na mtu. Wakatoka bila kuaga.

Mize aliwaona wakitoka. Lakini hakukaa. Akasema, "Jumbe, ulitaka umuone. Bado hajatoka nyuma ya mlango. Nimtoe, au nimwache humo?"

Jumbe akakaa chini.

Mize akamtoa. Akasimulia miiba na mzizi. Akasimulia kofi na wimbo. Akasimulia arusi, na sahani iliyojaa, na mkono uliofunika mdomo, na watu waliosema ni adabu.

Jumbe Ngwali alitazama mkono wake wa kushoto. Ukindu ulikuwa umemdondoka. Akautazama mkono ule kana kwamba ni wa mtu mwingine ameketi naye. Kisha akalia, mtu mzima mwenye ndevu, mbele ya mji, na alilia kwa sauti.

"Namjua," akasema. "Ndiye huyu. Namjua!"

Hapo Bi Mwanakheri akajifunua uso. "Mwanangu," akasema, "mama yako hakuwa hivyo. Mimi nilimjua Kazija. Hakufika mwaka wa njaa; njaa ile ilikuja yeye keshafariki. Wala hakufunika mdomo akila. Alikula akicheka."

"Basi mimi huu mkono nimeutoa wapi?"

Bi Mwanakheri akautazama mkono ule. "Kwangu," akasema. "Ulikuwa unaniiga."

"Na wewe, Shangazi, kwa nini unafunika mdomo?"

"Ni adabu tu," Bi Mwanakheri akasema, akainamia mkeka.

Nyinyi mmeelewa. Msijifanye hamkuelewa. Jumbe naye alielewa. Mwaka ule wa njaa aliyekuwa naye ndani ya nyumba ni nani?

Jumbe akafuta uso. Akasema taratibu, "Shangazi, wewe ulimjua mama yangu wa kweli, ukanipa neno moja, nisimuone. Hawa hawakumjua, wamenipa wa uongo, na nimemuona. Na niliyemuona kumbe ni wewe. Sasa nifanye nini?"

Kwa sababu, jamani, alikuwa na maneno mawili juu ya kichwa chake. Aliyempa mama, bonde ni lake. Aliyemtia mama doa, ahame kabla ya jua kuzama. Naye aliona wazi kwamba doa na mama vimekuja siku moja, katika kipande kimoja cha muhogo. Na bonde la mikindu lina faida gani kwa mtu aliyehamishwa mji?

Akatafuta mlango wa kutokea. Wakubwa hupenda kuombwa radhi, huwapunguzia kazi. Akasema, "Mize, wewe ndiye uliyesema. Sema 'Nisamehe, Jumbe,' nami nitasahau neno la kuhama."

Mize akasema, "Sisemi. Nimekesha na mwanamke yule, nimemtafutia mkono wa kuweka mdomoni. Nikiomba radhi, nitakuwa nimemrudisha nyuma ya mlango na kumfungia. Jambo lilikuwa la Siwatu, kweli. Lakini jambo lilikaa moyoni mwa Siwatu miaka yote halikumtembelea mtu. Mimi ndiye niliyelitembeza. Na mimi ndiye niliyesimama ulipopiga kelele. Kama ni bonde, langu. Kama ni kuhama, nahama."

Jumbe akamgeukia Siwatu. "Wewe basi. Sema 'Nisamehe, Jumbe.'"

Siwatu akasema, "Sisemi. Umewaona dada zangu wakitoka? Nani mwingine hapa ametoa kitu kilichomtoa damu? Mize ametoa ufundi, na ufundi kesho atakuwa nao tena. Mimi mama yangu nilikuwa naye peke yangu, na leo ni wa mji mzima, na ndugu sina. Nikuombe radhi wewe kwa mama yangu mimi? Kama ni bonde, langu. Kama ni kuhama, nimekwisha hama."

Jumbe akamgeukia Mafunda. "Wewe ni mkubwa wao. Sema wewe kwa niaba yao."

Mafunda akasimama, mrefu vile vile. "Mwanamke anayeomba radhi hapo," akasema, "huyo simjui. Mimi sikutunga neno hata moja, kweli. Lakini ningekubali siku ya kwanza, leo ungekuwa umesikia habari za kanga iliyopasuliwa, ukasema ahsanteni, ukaenda zako kulala na neno lako moja. Walinichukia uani kwa ajili yako. Nilimkataa aliyepakwa chokaa, nikamkataa aliyepakwa masizi, mpaka akaja mtu. Kama hakuna wa kukataa, hakuna wa kutunga vizuri. Kama ni bonde, langu. Kama ni kuhama, anza na mimi, maana mimi ndiye niliyesema huyu aje hitimani."

Jumbe akashika kichwa. Na wakati ameshika kichwa, Bi Mwanakheri akasema.

"Mwanangu, hukuniuliza mimi kama nitaomba radhi."

"Wewe, Shangazi? Wewe hukutunga kitu."

"Nilitunga. Nilitunga mwanamke mwema tu, nikakulea naye. Kazija aliimba vibaya, alikopa sukari kwa watu asirudishe, alimpenda baba yako akamchukia siku hiyo hiyo. Nilimfutia yote hayo ili umheshimu. Kama kuna aliyemharibu mama yako, si hawa. Na huyo uliyemlilia leo, mkono wake ni wangu na kofi lake ni langu, nilikuzaba mimi. Hawa wameniona bila kujua wananiona. Basi nipe bonde, au nifungie mzigo. Lakini radhi siombi. Nilikupenda, na njaa iliniuma. Vyote viwili."

Jua lilikuwa limekwisha anza kuelekea upande wake.

Jumbe Ngwali akasema, "Ondokeni. Nitaamua."

Mafunda akasema, "Amua. Mkeka wako umebakia pindo moja. Sindano iko kwangu. Siku utakayoamua sawa, tutalishona. Ukiamua vibaya, ufumuke wote, na mikindu yako izeeke bondeni bila wa kuikata."

Wakaondoka, wote wanne, bega kwa bega, na aliyekuwa katikati yao ni Bi Mwanakheri, uso wazi, anatafuna kashata ya hitima mdomo wazi. Mji mzima unamtazama, naye anatafuna!

Hadithi hii niliikuta imeishia hapo, na mimi siwezi kuwashonea pindo. Asiniambie mtu "Wote walistahili." Hilo ni jibu la anayetaka kwenda kwake. Bonde ni moja, na mwenye kulichukua hahami. Na mzigo ni mmoja, lazima ubebwe na kichwa fulani. Tena tazameni mikono yenu. Imesimama tangu nyuma ya mlango, nimeiona, nikanyamaza tu.

Mikono, jamani! Mikono! Sukeni, mkinijibu.

Yuko Mize, aliyempa yule mama mkono wa mdomoni akathubutu kumsema. Yuko Siwatu, aliyemtoa mama yake akabaki bila ndugu. Yuko Mafunda, aliyekataa mpaka mtu akapatikana. Yuko Bi Mwanakheri, aliyemfuta mama mmoja na kuwa mwingine. Na jua la Miyaani linazama.

Je, nani alistahili bonde la mikindu, na nani alistahili kufunga mzigo?